Ujuzi wa Mtoa Dawa katika Kushughulikia Magonjwa ya Ngono: Mfano wa Famasi na Maduka ya Dawa Muhimu nchini Tanzania

IKISIRI

Makala haya yanafafanua ujuzi ambao mtoa dawa anauhitaji ili kumhudumia ipasavyo mteja mwenye dalili za magonjwa ya ngono. Mfano uliotumika ni wa Tanzania, ambako famasi na maduka ya dawa muhimu ni mlango wa kwanza wa tiba kwa watu wengi. Hoja kuu ni kwamba kutaja jina la dawa ni sehemu ndogo ya ujuzi huo. Sehemu kubwa ni kuuliza maswali yanayofaa, kumkumbuka mwenza wa mgonjwa, na kutambua mahali ambapo kazi ya duka inakoma na kazi ya kituo cha tiba inaanza. Hoja hiyo ina uzito zaidi leo kwa sababu dawa zinazopendekezwa kwanza kwa kisonono na kaswende ni za sindano.

1.0 Utangulizi

Kijana anafika kwenye duka la dawa jioni. Anasubiri hadi mama aliyekuja kununua dawa ya kikohozi ya mtoto aondoke, kisha anasogea kwenye kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Samahani dada, naomba dawa ya UTI. Ile kali." Mtoa dawa mwenye uzoefu anafahamu kwamba neno hilo, ambalo kwa asili linahusu maambukizi ya njia ya mkojo, limekuwa pia stara ya lugha. Wateja hulitumia kusitiri usaha unaotoka uumeni, kidonda katika sehemu za siri, au maumivu ya chini ya tumbo. Yatakayotendeka katika dakika chache zinazofuata yanamhusu kijana huyo, mwenza wake, na pengine mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Ukubwa wa tatizo lenyewe unajulikana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya ngono yanayotibika: trikomonasi milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7.1. Kiwango hicho ni zaidi ya maambukizi milioni moja kwa siku. Kisonono na klamidia visipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi ya mwanamke na kusababisha utasa au mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Kaswende kwa mjamzito huweza kuharibu mimba, kuua mtoto tumboni, au kumfanya azaliwe na ugonjwa. Kisonono cha mama huweza kuambukiza macho ya mtoto wakati wa kuzaliwa na kumpofusha. Aidha, vidonda na uvimbe katika sehemu za siri hurahisisha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI (VVU).

Magonjwa yanayoleta madhara hayo makubwa ndiyo yanayofikishwa kaunta kwa sauti ya chini. Kwa hiyo swali la nini anachokijua mtu aliye upande wa pili wa kaunta ni swali la afya ya jamii nzima.

2.0 Mtoa Dawa na Mahali Pake katika Tiba

Tanzania ina maduka ya dawa ya aina kuu mbili. Famasi husimamiwa na mfamasia, akisaidiwa na wataalamu wa dawa wa ngazi ya kati. Duka la dawa muhimu, ambalo hupatikana zaidi vijijini na pembezoni mwa miji, huendeshwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu, mara nyingi akiwa na msingi wa uuguzi. Usimamizi wa taaluma ya famasi uko chini ya Baraza la Famasi kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Katika makala haya, neno mtoa dawa linawajumuisha wote wanaomhudumia mteja katika maduka hayo.

Historia ya duka la dawa muhimu inasaidia kuelewa mada hii. Hapo awali, maeneo mengi yalihudumiwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari pekee. Hata hivyo, viuavijasumu, yaani antibayotiki, viliuzwa humo kwa sababu wagonjwa walivihitaji na kituo cha tiba kilikuwa mbali. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza kwa majaribio katika Mkoa wa Ruvuma, kisha ukaenezwa katika mikoa mingine ya Tanzania Bara. Msingi wake ulikuwa kuitambua hali iliyokuwepo na kuiwekea utaratibu: watoa dawa wafunzwe, maduka yasajiliwe na kukaguliwa, na orodha maalumu ya dawa zinazohitaji cheti iruhusiwe kuuzwa humo.

Mgonjwa wa magonjwa ya ngono ana sababu zake za kulipendelea duka. Duka liko karibu, hufungwa usiku na halina foleni. Halimtaki mteja aandikishe jina wala kufungua faili. Hakuna benchi la kusubiri ambapo jirani anaweza kumwona na kujiuliza kilichomleta. Ugonjwa wenye aibu humpeleka mtu mahali penye maswali machache. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa magonjwa ya ngono hayawezi kutibiwa vizuri bila maswali.

3.0 Mantiki ya Tiba kwa Mkusanyiko wa Dalili

Katika mazingira yasiyo na maabara, Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa miongo kadhaa njia ya kutibu kwa kufuata mkusanyiko wa dalili. Mtoa huduma haanzi kwa kutafuta kimelea kimoja kwa jina. Hutambua kundi la dalili, kisha hutoa tiba inayolenga vimelea vyote ambavyo kwa kawaida husababisha kundi hilo. Makundi makuu ni usaha unaotoka kwenye mrija wa mkojo wa mwanamume, majimaji yasiyo ya kawaida ukeni, kidonda katika sehemu za siri, na maumivu ya chini ya tumbo kwa mwanamke.

Mfano wa usaha uumeni unaonyesha mantiki hiyo. Dalili hiyo husababishwa zaidi na kisonono na klamidia, na mara nyingi mtu huwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa macho havitofautishiki kwa uhakika. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa dawa mbili, moja kwa kila kimelea. Mtoa dawa anayetoa dawa moja tu anaweza kuondoa usaha unaoonekana na kuacha klamidia ikiendelea kimyakimya.

Vilevile, kidonda kina sura zake. Kaswende katika hatua ya kwanza kwa kawaida huleta kidonda kisichouma, wakati pangusa na malengelenge ya sehemu za siri huleta vidonda vyenye maumivu. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba kidonda cha kaswende hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa hata bila dawa, huku ugonjwa ukibaki mwilini. Mteja aliyepewa vidonge visivyofaa ataona kidonda kimefunga na ataamini amepona. Mtoa dawa naye ataamini kwamba dawa aliyoitoa imefanya kazi.

Njia hii ina udhaifu unaojulikana, hasa kwa wanawake. Majimaji ukeni mara nyingi hutokana na fangasi, trikomonasi, au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke. Kisonono na klamidia hukaa kwenye mlango wa kizazi, na kwa wanawake wengi havitoi dalili yoyote. Kwa hiyo mwanamke mwenye majimaji anaweza kupewa dawa za magonjwa asiyokuwa nayo, na asiye na dalili akakosa tiba anayoihitaji. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 imehimiza vipimo vya maabara pale vinapopatikana. Duka la kawaida halina vipimo hivyo, na kulielewa hilo ni sehemu ya ujuzi wa mtoa dawa.

4.0 Funzo la Mwanza

Tanzania ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994 utafiti mkubwa ulifanyika mkoani Mwanza kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Jamii 12 zilihusishwa. Katika sita, huduma za magonjwa ya ngono ziliimarishwa kwenye vituo vya afya na zahanati. Katika sita nyingine, huduma ziliendelea kama zilivyokuwa hadi utafiti ulipokwisha. Takriban watu wazima 1,000 kutoka kila jamii walifuatiliwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika jamii zilizoimarishiwa huduma, asilimia 1.2 ya waliofuatiliwa walipata maambukizi mapya ya VVU, ikilinganishwa na asilimia 1.9 katika jamii za ulinganisho. Huo ulikuwa upungufu wa takriban asilimia 40. Utafiti mwingine, uliofanyika Rakai nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 1999, ulifuata njia tofauti: watu wazima wote walipewa dawa nyumbani kila baada ya miezi kumi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Wataalamu wameeleza tofauti hiyo kwa sababu kadhaa, ikiwemo hatua tofauti ambazo janga la UKIMWI lilikuwa limefikia katika maeneo hayo mawili.

Kwa mada hii, linalovutia ni yaliyokuwemo ndani ya huduma ya Mwanza. Watumishi walifunzwa kutibu kwa mkusanyiko wa dalili, dawa zilihakikishwa kuwepo, wasimamizi walitembelea vituo mara kwa mara, na wananchi walielimishwa watafute tiba mapema. Mgonjwa alipewa ushauri, na wenza walihimizwa kufika kutibiwa. Dawa ilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo mrefu. Katika duka la dawa, mara nyingi kinachopatikana ni kiungo hicho kimoja pekee.

5.0 Pengo kati ya Kujua na Kutenda

Watafiti wa huduma za maduka ya dawa hutumia njia mbili kupima ujuzi. Ya kwanza ni hojaji, ambapo mtoa dawa huulizwa angefanya nini akijiwa na mgonjwa fulani. Ya pili ni mteja bandia, yaani mtu aliyefunzwa kuigiza dalili, ambaye huingia dukani kama mteja wa kawaida na baadaye kuandika alivyohudumiwa. Utafiti uliofanyika Hanoi nchini Vietnam na kuchapishwa mwaka 2000 ulitumia njia zote mbili kuhusu magonjwa ya ngono, na ulionyesha kwamba watoa dawa walitaja kwenye hojaji mengi kuliko waliyoyatenda kaunta. Mteja bandia ametumika pia katika maduka ya Dar es Salaam.

Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa uzembe peke yake. Kwanza, mazingira ya duka hayana faragha. Kuuliza "Mwenzi wako naye ana dalili?" huku mtu mwingine akisubiri nyuma ni kumwaibisha mteja, na mteja aliyeaibishwa huondoka. Umri na heshima navyo huingia: binti wa miaka 22 huona ugumu kumuuliza mzee wa rika la baba yake habari za kujamiiana. Pili, mtoa dawa mara nyingi ni mwajiriwa, na mwenye duka hupima kazi yake kwa mauzo ya siku. Kumwambia mteja aende zahanati ni kumruhusu aondoke na fedha yake. Tatu, mteja mwenye fedha pungufu huomba nusu dozi, na kumkatalia kunaonekana kama kumnyima msaada.

Sababu ya nne haionekani kwa urahisi: duka halipati majibu ya kazi yake. Zahanati humwona tena mgonjwa asiyepona. Mteja wa duka asipopona kwa kawaida huhamia duka la pili, na mtoa dawa wa kwanza hapati habari. Kwa hiyo mtu anaweza kukosea kwa miaka mingi akiwa na imani ya kweli kwamba wateja wake wanapona.

6.0 Ujuzi Unaopitwa na Wakati

Kila mtoa dawa anajua kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo la vidonge. Ujuzi kuhusu kisonono nao huisha muda wake. Kimelea cha kisonono kimejenga usugu dhidi ya dawa moja baada ya nyingine. Penisilini ilikuwa tiba ya kuaminika tangu miaka ya 1940, lakini mwaka 1976 viliripotiwa vimelea vinavyotengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Tetrasaikilini nayo ilidhoofika. Baadaye siprofloksasini, ambayo wateja huiita sipro, ikawa tegemeo kwa kuwa ni kidonge, ni nafuu na hutolewa kwa dozi moja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo usiopendekeza tena kundi hilo la dawa kwa kisonono, kutokana na kuenea kwa usugu.

Mtoa dawa aliyejifunza kazi wakati sipro ilikuwa jibu sahihi, na ambaye hakupata mafunzo mengine, leo anatoa jibu lisilo sahihi kwa nia njema. Mteja wake anaweza kupata nafuu ya muda, kisha akaendelea kuambukiza. Vimelea vilivyonusurika ndivyo vinavyosambaa. Kwa njia hiyo kaunta ya duka inaweza kuchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tatizo ambalo Tanzania, kama nchi nyingine, imeliandalia mpango wa kitaifa wa kukabiliana nalo.

Leo chaguo la kwanza kwa kisonono katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ni seftriaksoni, ambayo hutolewa kwa sindano. Kwa kaswende, tiba inayopendekezwa kwanza ni penisilini ya benzathini, nayo ni ya sindano. Kwa mjamzito ndiyo pekee inayoaminika kumtibu na mtoto aliye tumboni. Kuchoma sindano ni kazi ya mtumishi wa afya katika kituo cha tiba, penye uwezo wa kumsaidia mgonjwa endapo mwili utaikataa dawa. Hivyo basi, magonjwa mawili yenye madhara makubwa katika orodha hii hayawezi kukamilishiwa tiba bora kaunta. Mtoa dawa anaweza kuwa na rafu zilizojaa, na bado asiwe na kile ambacho mteja wake anakihitaji.

7.0 Ujuzi Unaohitajika

Kutokana na maelezo hayo, ujuzi wa mtoa dawa unaweza kupangwa katika hatua zinazofuatana.

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Maswali machache yanatosha: dalili ni zipi na zilianza lini, kuna kidonda au usaha, dawa gani imeshatumika, na mwenza ana hali gani. Kwa mwanamke, swali la lini alipata siku zake za mwisho halikwepeki, kwa sababu mimba hubadilisha uchaguzi wa dawa. Doksisaikilini, kwa mfano, huepukwa kwa mjamzito. Maswali haya yaulizwe pembeni, kwa sauti ya chini na kwa lugha ya staha, kama mtoa dawa anavyotaka ndugu yake aulizwe.

Hatua ya pili ni kutambua dalili za hatari. Mwanamke mwenye maumivu ya chini ya tumbo na homa, mjamzito mwenye dalili yoyote ya ugonjwa wa ngono, mwanamume mwenye korodani iliyovimba na kuuma, mtoto mwenye usaha sehemu za siri au machoni, na mtu ambaye dalili zimerudi baada ya dawa, hawa wote hawapaswi kuuziwa dawa na kuachwa. Kwa mtoto kuna jambo la ziada: usaha katika sehemu zake za siri unaweza kuwa alama ya ukatili, na humhitaji mtaalamu mara moja.

Hatua ya tatu ni mambo manne yanayopaswa kuandamana na kila tiba: ushauri, kumaliza dozi, kondomu, na kumtibu mwenza. La nne ndilo husahauliwa zaidi. Mume akitibiwa peke yake na kurudi kwa mke mwenye maambukizi, ataambukizwa tena, na dawa italaumiwa bure. Kipimo cha VVU na cha kaswende kitajwe hapo hapo kama sehemu ya kawaida ya huduma, bila kumfanya mteja ajione ametuhumiwa.

Hatua ya nne ni rufaa, nayo ndiyo inayobeba uzito wa yote. "Nenda hospitali" bado si rufaa. Rufaa ni kumtajia mteja kituo kilicho karibu na saa zake za huduma, kumweleza kwa nini sindano ni bora kuliko vidonge anavyoviomba, na kumpa karatasi fupi yenye dalili zake na dawa alizokwisha kutumia. Karatasi hiyo iliyokunjwa ina faida ambayo mtu mwenye aibu huielewa upesi: atakapofika ataikabidhi, na hatalazimika kueleza upya mbele ya mtu mwingine.

Mtoa dawa hawezi kuyabeba haya peke yake. Mafunzo ya mara kwa mara yanahitajika kila miongozo inapobadilika. Mwenye duka anahitaji kuelewa kwamba rufaa ni huduma inayomjengea mteja imani, na mteja huyo atarudi kununua mahitaji mengine. Zahanati nayo inaweza kurudisha majibu mafupi kwa duka lililomtuma mgonjwa, ili mtoa dawa ajue yaliyotokea. Hata kipande cha pazia au kona yenye kiti kimoja huweza kubadilisha mazungumzo.

8.0 Hitimisho

Ujuzi wa mtoa dawa kuhusu magonjwa ya ngono umekuwa ukipimwa kwa swali moja: anajua dawa gani? Makala haya yameonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Mtoa dawa anaweza kutaja dawa kwa usahihi na akashindwa kuuliza, akamsahau mwenza, au akauza kidonge mahali panapohitaji sindano. Utafiti wa Mwanza ulionyesha kwamba tiba ya magonjwa ya ngono huweza kuokoa jamii pale viungo vyote vya huduma vinapokamilika.

Kijana aliyeomba dawa ya UTI jioni ile anaweza kuondoka na mfuko mdogo wa vidonge, au anaweza kuondoka na karatasi iliyokunjwa pamoja na maelezo ya mahali pa kwenda kesho asubuhi, yeye na mwenza wake. Mauzo ya duka yatakuwa makubwa zaidi katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili, mtoa dawa atakuwa ametumia ujuzi wake wote, ukiwemo ule wa kujua kwamba dawa inayotakiwa haimo katika rafu zake.